Mkwanja mdogo, majani mengi

Najua nimepotea. Wiki tatu kimya, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeolewa. Sijaolewa jamani, nilikuwa na mitihani, halafu ikaja hii stori ya mashine ya majani ambayo imenikaa kichwani mpaka leo. Ngoja niitue, labda nitalala.

Kwa wageni: mimi ni binti wa Kasulu, Kigoma, nasoma uhandisi wa kilimo hapa Lexington, Kentucky. Visa ya mwanafunzi inaniruhusu kufanya kazi chuoni tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, na muda wote likizo. Wenzangu walikimbilia maktaba na kantini. Mimi nikachelewa kuomba, nikaangukia kikosi cha bustani. Yaani nimevuka bahari kuja kukata majani! Mama aliposikia alicheka mpaka simu ikakatika. Kule sekondari ile fomu ya kujiunga ilisema uje na jembe, ndoo, reki na fyekeo, na mimi nilikuwa mteja mkubwa wa fyekeo maana kila nikichelewa namba nilipewa mita kumi kwa kumi. Nilidhani nimeshahitimu. Kumbe ile ilikuwa cheti tu, digrii iko huku.

Tofauti ni kwamba huku fyekeo lina injini mbili-silinda na kiti. Wanaziita zirotani, kwa sababu inageuka pale pale iliposimama, haihitaji kona. Haina usukani. Ina mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Sukuma yote mbele, unakwenda. Vuta yote, unarudi. Sukuma mmoja na kuvuta mwingine, unazunguka kama pia. Siri yake ni kwamba kila gurudumu la nyuma lina pampu yake na mota yake ya mafuta ya haidroli, na yale ya mbele yanazunguka tu yenyewe kama ya toroli la supamaketi. Anayetajwa sana kuileta hii ya mikono miwili ni John Regier wa jimbo la Kansas, miaka ya 1960. Siku ya kwanza mimi nilizunguka mara tatu na kuingia kwenye ua la waridi. Msimamizi hakusema kitu, aliandika tu kwenye daftari lake. Ila baada ya mwezi mmoja nilikuwa naendesha ile ya inchi 60 huku nakula karanga.

Hapo ndipo kiburi kilipoanza. Nakiri mapema ili msije mkaniambia sikusema.

Sasa, Lexington ina Wakongo wengi mno, na Kiswahili kinasikika madukani na kwenye vituo vya basi kuliko mnavyodhani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika nabishana na dada yangu kwenye simu kuhusu dagaa, mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mutoto, hiyo Kiswahili ni ya Kigoma." Nikageuka. Mtu wa Uvira, Kivu Kusini. Alikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, watoto wake watatu wamezaliwa kule kule, wilaya ya nyumbani kwetu. Mimi nimekua naiona kambi ile kama mahali pa jirani, na yeye alikuwa ananunua mihogo kwa watu wa vijiji vyetu. Tangu siku ile nikawa mtoto wa nyumba hiyo. Nikiishiwa hela ya chakula, huwa siishiwi chakula. Namwita Papa kama wanavyomwita watoto wake.

Papa anafanya kazi usiku kwenye ghala. Mchana wa Ijumaa na Jumamosi anakata majani kwa watu: nyumba tisa, dola 45 kila moja, kwa mashine ya kusukuma ya inchi 21. Anayemfanyia tafsiri ni binti yake wa miaka 12, anayeongea Kiingereza cha Kentucky mpaka raha. Nyumba zile kila moja ina kama robo ekari ya majani. Nilipiga hesabu siku moja: kukata robo ekari tisa kwa mashine ya inchi 21 ni kutembea kilometa 17 kwa wiki, bila kuhesabu kona. Baada ya zamu za usiku. Na goti lake la kushoto limeshaanza kuvimba.

Na majani ya huku hayana subira. Yale ni ya msimu wa baridi, Aprili na Mei yanakua kama yamelogwa, Julai joto likizidi yanapunguza, Septemba yanaanza tena. Ukikosa wiki moja ya Mei, wiki inayofuata unakata nyasi za kuezekea.

Kwa nini asiache? Mama yake mzazi bado yuko Nyarugusu. Faili lake la kuja huku lilikuwa limefika mbali, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Bibi akabaki. Basi hela za majani ndizo zinazokwenda kwa Bibi kila mwezi. Za ghala zinalipa kodi ya nyumba. Ameshapanga hivyo na hachanganyi.

Mwezi Machi akaniita mezani baada ya kula. Akatoa bahasha. "Mutoto yangu, weye unajua hizi mashini. Niko na dola elfu ine. Unisaidie kuchagula. Sitaki kupoteza makuta."

Wadau, mtu akikukabidhi akiba ya miaka miwili na kukwambia wewe ndiye unayejua, unajisikia mrefu. Mimi nilijisikia kama futi nane hivi. Usiku ule ule nikaanza kutafuta, na kesho yake nikarudi na jibu: mashine ya wakandarasi, iliyotumika, inchi 54, injini kubwa, fremu nzito, inauzwa dola 3,900. Saa 1,900 kwenye mita yake. Mpya ya aina hiyo inapita dola elfu kumi, nikawaambia, hii ni bahati. Nikawapa na mhadhara. Nilisema mashine za kazi zinajengwa kwa chuma kinene, pampu zake unaweza kuzibadilisha oili na filta, wakati zile nyepesi za nyumbani nyingi pampu zimefungwa moja kwa moja, ikifa unatupa. Yote niliyosema yalikuwa kweli! Hapo ndipo utamu ulipo. Nilikuwa sahihi kwenye kila kitu isipokuwa jambo lenyewe.

Papa akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuhesabu noti. Yule binti alikuwa anafanya hesabu zake za shule pembeni. Hakuinua hata kichwa. Akauliza, "Dada, sasa hiyo itapita kwa geti ya ile bibi ya mbwa?"

Kimya.

Mimi chuoni nakata viwanja ambavyo mwisho wake huuoni. Hakuna geti. Sijawahi kuwaza geti. Papa akarudisha noti kwenye bahasha, bila neno, akanipa futi kamba.

Tulizunguka nyumba zote tisa Jumamosi ile. Tatu hazina uzio. Nne zina geti la inchi 48. Mbili zina geti la inchi 36. Maana yake mashine yangu ya bahati ingeingia uani kwenye nyumba tatu tu kati ya tisa. Kwa dola 3,900. Kisha angebaki na dola 100 za kununulia trela la kuibebea. Trela la dola 100 linaitwa toroli, na hata hilo ni bovu.

Nilirudi bwenini nikalala na viatu. Nilichoona aibu siyo kukosea. Niliona aibu kwamba sikuuliza hata swali moja. Nilichagua mashine ambayo MIMI ningependa kuonekana nayo.

Kesho yake nikaanza upya, safari hii na kalamu na karatasi, na nitawapa hapa kila kitu maana najua baadhi yenu mna wajomba huku wenye ndoto kama hizi.

Kwanza upana. Kuna kanuni rahisi: zidisha mwendo wa maili kwa saa na inchi za deki, gawanya kwa 99, unapata ekari kwa saa. (Deki ni ile bakuli ya chuma inayofunika visu, siyo ile ya kupiga bwenini Jumamosi.) Toa sehemu ya tano kwa ajili ya kona na kupishanisha mistari. Kwenye ua mdogo huwezi kukimbia, chukua maili 4. Deki ya inchi 54 ingemaliza nyumba zote tisa kwa kama saa 1 na dakika 17. Ya inchi 42 kama saa 1 na dakika 39. Tofauti dakika 22 kwa wiki nzima! Nilikuwa nakaribia kumwingiza mzee wa watu hasara kwa ajili ya dakika 22. Na ya 42 inapita kwenye geti la 48 ukiinua kile kibao cha pembeni kinachotemea majani, visu vikiwa vimezimwa. Zile nyumba mbili za geti la 36, nyuma atasukuma kama zamani.

Pili, bajeti siyo mashine. Bajeti ni mashine, trela, visu vya akiba, mkanda wa akiba, oili, vizibo vya masikio, miwani, na bima, maana jiwe moja likirushwa kwenye dirisha la mtu ndiyo mwisho wa biashara. Nilipoandika yote hayo kwanza, nikaona mashine yenyewe isizidi dola 2,500.

Tatu, mpya au iliyotumika? Kwa dola elfu tatu na kidogo unapata mpya ya inchi 42 dukani, inang'aa, lakini deki yake ni bati lililofinyangwa kwa kugongwa, jembamba, na waranti nyingi za mashine za nyumbani zinafupishwa sana ukizitumia kibiashara. Deki ya kuunga kwa kuchomelea ni imara zaidi. Na unene wa chuma huku wanauandika kinyume: geji 10 ni nene kuliko geji 13. Namba ikipanda, chuma kinashuka. Msije mkadanganyika kama mimi kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza.

Basi tukaanza kuzunguka, Papa, binti na mimi, kwenye lile gari lao la familia. Mashine ya kwanza: nilimwomba muuzaji kwenye simu asiiwashe kabla hatujafika. Tulipofika nikaweka kiganja juu ya injini. Ya moto. Injini yenye matatizo ya kuwaka baridi huwa inapashwa kabla mgeni hajaja, kama chai ya jana. Tukaaga kwa heshima. Ya pili ilikuwa na ufa kwenye deki uliopakwa rangi mpya. Ya tatu ilikwenda vizuri dakika tano, halafu mafuta ya haidroli yalipopata moto ikaanza kulia na kushindwa kupanda kilima. Ndiyo maana nilikuwa nasisitiza kuiendesha dakika 20 nzima, muuzaji ananitazama kama nimekuja kupunga upepo.

Wiki tatu hivyo. Aprili ikaingia, majani yakaanza, Papa akawa anasukuma. Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Ya nne ilikuwa ya mwalimu mstaafu anayehamia kwenye ghorofa. Inchi 42, deki ya kuchomelea, saa 236. Injini baridi kabisa. Iliwaka mara moja, ikatoa moshi kidogo ukaisha. Nikaachia mikono yote: ilisimama sawa, haikutambaa. Nikaisukuma mbele kwenye njia ya gari: ilinyooka, haikuvuta upande. Nikapanda nayo kamteremko, nikashuka. Halafu tukaizima, tukatoa ufunguo na waya za plagi, nikalala chini kifudifudi kuangalia visu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama na gauni langu la kanisani. Nikatikisa kisu kimoja: imara. Cha pili kikacheza. Beringi ya spindo imeanza kuchoka.

Zamani ningeficha hilo ili nionekane nimepata mashine safi. Nikamwambia Papa, binti akamwambia mwalimu, mwalimu akavaa miwani akaja kulala chini pembeni yangu. Akakubali. Alikuwa anataka 2,500, akashuka hadi 2,350. Akamwonyesha Papa daftari: kila siku aliyobadilisha oili ameandika tarehe. Papa alifungua kurasa zile polepole kama mtu anayesoma barua. Alitoa hela pale pale.

Hesabu ya mwisho hii hapa. Mashine 2,350. Trela lililotumika 850. Spindo mpya 70, visu 50, mkanda 50, oili na filta na plagi 40, vizibo vya masikio na miwani 40. Jumla 3,450. Zikabaki 550 za bima. Spindo nilibadilisha mwenyewe kwenye maegesho yao, kwa saa mbili na matusi machache ya Kiha.

Jioni ile Papa akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Weka dola elfu moja, tukule pamoja. Nusu yako, nusu yangu. Mutoto yangu hawezi kufanya kazi ya bure."

Nilikuwa na dola 1,100 benki, akiba yangu yote. Na nilitaka, sitawadanganya. Ada inapanda, na mimi ni mtu wa kuhesabu mayai. Lakini visa yangu hairuhusu. Nikiingia ubia, nikipokea hata shilingi ya majani nje ya chuo, nimevunja masharti, na safari yangu ya miaka minne inaweza kuishia kwenye nyasi za watu. Hata lile spindo nililibadilisha kama mtoto wa nyumbani, siyo kama fundi. Nikamweleza. Niliogopa ataona namkataa, au namwona mdogo.

Akanyamaza kidogo, akacheka. "Kule kambini ilikuwa vile vile. Bila kibali, hautoki. Naelewa karatasi, mutoto yangu. Mimi niliishi na karatasi." Mama akaniongezea samaki, mjadala ukaisha.

Jambo moja nililikatalia kata kata: kuendesha bila somo. Nilimfundisha siku nzima kwenye uwanja mtupu. Kwamba kwenye mteremko magurudumu ya mbele hayaongozi kitu, nyuma yakiteleza huna usukani wala breki ya kukuokoa, kwa hiyo kilima kinachozidi nyuzi 15 asipande, akisukume kwa mashine ya zamani. Kwamba majani mabichi ya mvua ni sabuni. Kwamba kingo za bwawa akae nazo mbali. Na kwamba yule binti asikae kwenye mapaja yake hata kwa picha. Mwanzoni alichora herufi S mpaka mwisho wa uwanja. Binti alikufa kwa kicheko. Mimi sikucheka, nilikumbuka ua la waridi.

Ijumaa moja mwezi Mei nilipita baada ya darasa. Saa tisa alasiri Papa alikuwa amekaa kibarazani, kazi imeisha, mguu umewekwa juu ya ndoo. Zamani saa hizo alikuwa bado nyumba ya nne. Alikuwa anaongea na Bibi kwa video, mtandao unakatika katika. Akageuza simu amwonyeshe mashine, kisha akaenda mpaka uani kwa jirani amwonyeshe majani aliyoyakata, yamelala mistari mistari kama mkeka.

Bibi aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ni mazuri kabisa. Sasa ng'ombe ziko wapi?"

Papa alinitazama. Mimi ni mhandisi wa kilimo mtarajiwa, nilitakiwa nijibu. Wadau, sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mwenye nalo anisaidie kabla Bibi hajapiga tena.

Kwa leo niishie hapa, kesho nina kipindi saa mbili asubuhi. Tuko pamoja.